Mume wangu anataka tuache jembe tupulizie dawa, na kuna jambo sijamwambia

Barua hii imefupishwa kidogo, na mambo ambayo yangeweza kumtambulisha mwandishi yameondolewa.

Mama Mshauri,

Mbukwenyi, na shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mkulima, ninayeishi na watoto wanne katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Mume wangu ni fundi uashi Dodoma mjini na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Shamba liko mikononi mwangu, ingawa fedha za kuliendesha hutoka kwake, na kila anapokuja huniuliza zimetumikaje. Nakuandikia Novemba hii kwa sababu mvua zikishaanza sitapata tena nafasi ya kufikiri.

Tuna ekari tatu za muhogo, mbali na mtama na uwele tunaolima kwa chakula. Zao lililopita tulilipanda Desemba ya mwaka juzi, tukaling'oa Juni mwaka huu, yaani baada ya miezi 18. Mimi ni mtu wa daftari na sipendi fedha ipite bila kuandikwa. Trekta, pingili za kupanda na kazi ya kupanda vilitugharimu shilingi 285,000 kwa ekari zote tatu. Palizi peke yake ilikula 435,000: palizi ya kwanza 150,000, ya pili 120,000, ya tatu 75,000, na ile ya msimu wa pili, Januari mwaka huu, 90,000. Mnunuzi alikuja kutoka mjini na magunia yake, akayajaza lumbesa, yaani kupita mdomo wa gunia, mbele ya macho yetu, akatulipa 25,000 kwa gunia. Yalitoka magunia 45. Ukitoa gharama zote, tulibakiwa na shilingi 405,000 kwa mwaka mmoja na nusu wa kazi.

Mume wangu alipoiona hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kumbe tumekuwa tukiwalimia vibarua. Anaamini vibarua ni wavivu, na ushahidi wake ni ekari ya tatu, ile ya upande wa korongo, iliyotoa magunia tisa wakati zile nyingine mbili zilitoa 18 kila moja. Fundi mwenzake mwenye shamba huko Morogoro amemweleza kwamba dawa ya kuua magugu pamoja na ujira wa mpuliziaji haizidi 25,000 kwa ekari, ilhali mimi nalipa 45,000 kwa palizi ya kwanza tu. Amenitaka nikope 300,000 kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, ambayo hutoza riba ya asilimia 5 kwa mwezi na kutaka mkopo urejeshwe ndani ya miezi sita, ninunue dawa, bomba la mgongoni na vinavyohitajika. Fedha ya vibarua amesema hatatoa tena.

Naiogopa dawa hiyo. Jirani yetu alinunua dawa dukani bila kueleza ni ya zao gani, akapulizia muhogo wake, na baada ya siku chache majani yalijikunja na vichwa vya miche vikapinda kama vitu vilivyochomwa moto. Tena vibarua ninaowaita si watu wa mbali. Ni wanawake wanne wa hapa hapa, mmoja wao ni wifi yangu mjane, na fedha ya palizi ndiyo anayonunulia madaftari ya watoto wake Januari. Mimi mwenyewe hupalilia pamoja nao tangu alfajiri. Binti yangu mkubwa naye hunisaidia, na Januari iliyopita, wakati ndiyo kwanza anaanza kidato cha kwanza, alikosa siku nane za masomo. Mwakani ataingia kidato cha pili chenye upimaji wa taifa. Mama mkwe wangu, kwa upande wake, anatucheka sote. Anasema muhogo hupaliliwa mara moja ukaachwa, na kwamba sisi tunaupalilia kana kwamba ni bustani ya zabibu.

Jambo ambalo mume wangu halijui ni hili. Vibarua hawakuiharibu ekari ya tatu. Januari ya mwaka jana mama yangu mzazi aliugua ghafla, na shilingi 45,000 alizonitumia mume wangu kwa palizi ya ekari ile nilizitumia kwa nauli na matibabu. Niliogopa kumwambia kwa sababu mwezi uliotangulia tulikuwa tumegombana kuhusu misaada ninayowapa ndugu zangu. Ekari ile ilikaa hadi wiki ya tisa ndipo nikapata fedha kwa kuuza kuku, na kwa kuwa magugu yalikuwa yameshafika kiunoni, vibarua walidai 60,000. Mpaka leo anawalaumu wao. Wifi yangu anasikia na kunyamaza.

Je, nikope na kununua dawa kama anavyotaka, nishikilie jembe langu, au nipunguze shamba? Na hili la ekari ya tatu nilifanyeje? Ekari hiyo kitu pekee ilichonipa kwa wingi ni mlenda ulioota katikati ya magugu, ambao niliukausha mpaka nikakosa pa kuuweka. Nikijua pa kukupata, nitakuletea kikapu.

Mpalizi wa Chamwino

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, maana si kila siku naletewa tatizo la nyumba likiwa na hesabu zake. Kama nimekuelewa vyema, umefunga mambo mawili katika pindo moja la khanga: namna ya kupunguza gharama ya palizi inayomeza zaidi ya nusu ya matumizi ya shamba lenu, na siri ambayo kila siku inayopita inazidi kuwa nzito. Nakuomba uniruhusu nianze na shamba, kwa sababu nadhani mambo haya mawili yanakutana pale pale kwenye ekari ya tatu.

Kwanza, usijione kwamba umeshindwa kusimamia fedha. Palizi imechukua asilimia 60 ya gharama zako. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, iliyofanya kazi miaka mingi na wakulima wa muhogo, husema palizi huchukua kati ya asilimia 50 na 80 ya nguvukazi yote ya zao hili. Uko ndani ya kawaida, na kawaida yenyewe ndiyo iliyo ghali. Muhogo ni mvivu wa kuanza. Kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo huwa bado haujatandaza majani ya kutosha kufunika ardhi, na mita moja kati ya shina na shina ni uwanja mtupu ambao ukoka, ndago na kishona nguo huuona kama mwaliko. Ukishafunga kivuli, magugu hudhoofu yenyewe. Ndiyo maana palizi ya wiki ya nne na palizi ya wiki ya tisa haziwi na thamani moja hata zikifanywa na mikono ile ile kwa jembe lile lile.

Sasa chukua daftari lako, lakini badala ya kujumlisha ekari tatu, zitenganishe. Ekari moja kati ya zile mbili nzuri ilitumia 95,000 za trekta, pingili na kupanda, na 140,000 za palizi zote, jumla 235,000. Iliuza magunia 18, yaani 450,000, ikakuachia 215,000. Ekari ya tatu ilitumia 95,000 zile zile na 155,000 za palizi, jumla 250,000, ikauza magunia tisa kwa 225,000. Ilikula shilingi 25,000 kutoka mifukoni mwenu. Maana yake ni kwamba ekari mbili peke yake zingewapa 430,000, zaidi ya zile 405,000 mlizopata kwa ekari tatu. Niliihesabu mara mbili kwa kuwa sikuiamini.

Hapo ndipo ninapotaka kuuliza kwa upole kuhusu jambo ambalo wewe na mume wako mmelichukua kuwa wazi. Nyote wawili mmeuliza palizi inagharimu kiasi gani, ilhali daftari linaonyesha kwamba hasara kubwa ya msimu ule ilitokana na palizi ambayo haikufanyika kwa wakati. Shilingi 45,000 zilizokosekana Januari zilionekana Juni kama magunia tisa yaliyopungua, yenye thamani ya 225,000, pamoja na 15,000 za nyongeza mlizowalipa vibarua. Siwezi kuapa kwamba magunia yote tisa yalikwenda na magugu. Umesema ekari hiyo iko upande wa korongo, na wewe ndiwe unayejua kama udongo wake huoshwa na maji au kama misimu ya nyuma ilitoa sawa na wenzake. Tafuta kumbukumbu hiyo kabla ya kuamua lolote. Kama zamani ilikuwa ikitoa 17 au 18, basi jibu unalo.

Tukija kwenye dawa, sitakuambia uikatae wala uikumbatie, ila naona hesabu ya fundi wa Morogoro imeruka vitu kadhaa. Neno dawa ya magugu limebeba vitu visivyofanana hata kidogo. Ipo glaifoseti, ambayo huua karibu kila jani la kijani inaloligusa, na muhogo haumo katika msamaha. Kwa kawaida hupulizwa kabla ya kupanda. Haibaki udongoni ikizuia mbegu kuota, kwa hiyo magugu mapya ya mvua inayofuata yatakuja kama vile hukufanya kitu, nawe utahitaji jembe. Zipo zinazozuia magugu kuota, ambazo hupulizwa mara tu baada ya kupanda kabla pingili hazijachipua, na hizo huhitaji udongo wenye unyevu ili zifanye kazi. Zipo pia zinazoua nyasi tu na kuacha mimea ya majani mapana. Kinyume chake ni zile kama 2,4-D, rafiki wa mahindi, zinazoua majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Na muhogo, kama ujuavyo, ni wa majani mapana. Ulivyoeleza miche ya jirani yako ilivyopinda, nashuku alikutana na dawa ya aina hiyo. Huenda hata haikuwa ile aliyoinunua, kwa sababu bomba la kuazima lililopulizia mahindi jana bila kuoshwa vizuri linaweza kufanya madhara hayo hayo.

Halafu kuna maji, ambayo mtu wa Morogoro anaweza kuyasahau lakini wewe huwezi. Ekari moja huhitaji bomba tano au sita za lita 16, sawa na madumu manne hadi matano, na yote yabebwe hadi shambani. Glaifoseti hung'ang'ania chembe za udongo, hivyo ukiichanganya na maji ya tope ya lambo, sehemu kubwa ya dawa huishia kwenye tope ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye jani. Maji ya visima yenye chumvichumvi, tunayoyajua vizuri sisi wa Dodoma, nayo huipunguza nguvu, na gugu lenye vumbi au lililonyauka kwa jua halinywi dawa ipasavyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hunyesha kisha zikakatika wiki mbili au tatu. Ukiongeza upepo wetu wa mchana, utaona kwamba siku zinazofaa kupulizia ni chache kuliko zinavyoonekana kwenye kalenda.

Tuseme hata hivyo kila kitu kinakwenda sawa, na dawa inaiondoa kabisa palizi ya kwanza. Ekari tatu kwa jembe ni 135,000, kwa dawa ni 75,000, umeokoa 60,000. Hizo ni sawa na magunia mawili na nusu hivi. Kama ekari zako tatu zote zinaweza kutoa magunia 54, basi mpuliziaji akiunguza shina moja tu katika kila mashina 22 au 23, akiba yote imekwisha. Kwa mpuliziaji mzoefu mwenye kikinga mbele ya bomba lake, anayefanya kazi asubuhi kabla ya upepo, hiyo ni hatari ndogo. Kwa kijana anayejifunzia kwenye shamba lako, sina hakika.

Nisiishie hapo, kwa maana nitakuwa nimempendelea mtu mmoja. Dawa ina mahali ambapo jembe linashindwa. Ndago na ukoka ukizikatakata kwa jembe unazizidisha, kwa kuwa kila kipande na kila kijizizi kilichobaki ardhini huchipua. Kama una sehemu zilizovamiwa namna hiyo, kuzipulizia kabla ya kupanda, magugu yakiwa mabichi na yanakua, kunaweza kukuondolea kazi ya miaka, ingawa kwa ndago huenda ukarudia. Unaweza pia kumwomba mume wako mjaribu kwenye robo ekari, upande mmoja dawa, upande wa pili jembe, mkapima magunia wakati wa kung'oa. Mtu wa uashi huheshimu kipimo. Mkifikia kununua, nunueni chupa yenye lakiri na lebo inayotaja kiambato, zao na kipimo, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa iacheni hapo hapo dukani. Gharama ya glovu, miwani, buti na nguo za kujikinga iandikeni kwenye hesabu, maana mzee wa Morogoro hakuitaja, na watoto wasishike mchanganyiko huo.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo katika daftari la yeyote. Umeniambia juu ya mlenda. Wewe na hao wanawake wanne, mnapopalilia, nusu ya macho yenu iko kwenye mlenda na mchicha pori, na mkono wa kushoto unachuma wakati wa kulia unashika jembe. Nimeyaona hayo tangu utotoni. Bila shaka kisamvu nacho unachuma humo humo. Shamba lililopuliziwa halichumwi hivyo, na mboga ambayo ingekauka juu ya paa na kukulisha hadi Oktoba itabidi uinunue. Sijui utaiwekea bei gani, lakini si sifuri. Vivyo hivyo siku zako mwenyewe za tangu alfajiri, na siku nane za binti. Umeziandika wapi? Hesabu yenu inasema vibarua ni ghali kwa sababu wao ndio pekee wanaolipwa.

Mkopo unanitia wasiwasi kuliko dawa yenyewe. Ukikopa 300,000 Desemba, na kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote, unalipa 15,000 kila mwezi, jumla 90,000 kwa miezi sita. Hiyo ni palizi ya kwanza ya ekari mbili kamili, na hujanunua hata lita moja. Baya zaidi, mkopo unaiva Juni wakati muhogo uliopandwa Desemba haujafika hata nusu ya safari yake. Marejesho yatatoka wapi? Kwenye mtama wa chakula? Kwa mbuzi? Waulize viongozi wa kikundi kama wana utaratibu wa mkopo wa kilimo unaongoja mavuno. Vipo vikundi vinavyofanya hivyo.

Umejitajia mwenyewe njia ya kupunguza shamba, na naona umeitaja kwa aibu kidogo, kana kwamba mwenye ekari mbili ni mdogo kuliko mwenye tatu. Hesabu ya hapo juu haikubaliani na aibu hiyo. Ekari mbili ni 90,000 kwa palizi ya kwanza badala ya 135,000, na mikono yenu sita au saba inaweza kuzimaliza ndani ya wiki zile zinazohesabika. Hatari yake ni kwamba mvua ikiwa nzuri na bei ikapanda, hasa muhogo ukigongana na mwezi wa Ramadhani, utaitazama ekari tupu kwa uchungu. Unaweza pia kuiacha ekari ya tatu iwe ya kunde au choroko msimu huu. Kunde mstari mmoja katikati ya mistari ya muhogo nazo husaidia kufunika ardhi mapema, zinakupa majani na punje kabla ya miezi mitatu, ila zikibanana sana katika mvua zetu zitagombania maji na muhogo wenyewe, na ukishazipanda usiruhusu bomba la dawa ya majani mapana lisogee karibu.

Kama kuna jirani mwenye ng'ombe au punda waliofundishwa, jembe la palizi la kukokotwa hupita haraka kati ya mistari iliyonyooka, na vibarua wanabaki na kazi ya kusafisha kuzunguka mashina tu. Hilo lazima liamuliwe siku ya kupanda, kwa kamba, kwa sababu mistari iliyopinda haipitiki. Nalo lina mwisho wake. Baada ya miezi miwili na zaidi matawi yanaanza kufunga njia, na mizizi inayoanza kunenepa haipendi kuguswa. Kwa sababu hiyo hiyo nakuuliza, palizi ya tatu mnailima kwa kina gani? Kama muhogo umeshafunga kivuli, huenda kufyeka tu magugu kabla hayajatoa mbegu kukatosha, na 25,000 kwa ekari ikapungua. Palizi ya Januari ya msimu wa pili mnalazimika kuifanya kwa kuwa kiangazi hupukutisha majani na mvua inakuta ardhi wazi. Mkulima anayeng'oa na kuuza sehemu ya muhogo wake Novemba, hata kwa mizizi midogo kidogo, huikwepa gharama hiyo kwenye sehemu aliyouza. Na pingili zako, je, zinatoka mashina yasiyo na ugonjwa wa batobato? Muhogo mgonjwa haufungi kivuli mapema, na unaendelea kuyalisha magugu mwanga hadi mwisho.

Mama mkwe wako usimcheke. Katika nchi hii ya Ugogo, iliyokumbwa na njaa ya Mtunya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na njaa nyingine baada yake, muhogo ulipandwa uwe akiba. Ulikaa ardhini miaka miwili, ukang'olewa shina moja moja siku ghala lilipokuwa tupu, na hakuna aliyekuja na lumbesa. Kwa zao lile, palizi moja ilikuwa hesabu sahihi kabisa. Anazungumzia zao jingine lenye jina hilo hilo.

Kuhusu wifi yako na wenzake, naelewa kwamba ujira wako ni sehemu ya maisha yao, na pia kwamba huwezi kulima kwa hasara ili kulipa ujira. Kati ya hayo mawili kuna nafasi. Kama baadhi yao wana mashamba yao, mnaweza kupalilia kwa zamu, leo kwako, kesho kwa mwingine, bila fedha kutembea. Ugumu wake ni kwamba mvua hutuotesha magugu sote siku moja, na aliye wa mwisho kwenye zamu ndiye atakayekuwa na ekari ya tatu. Inabidi zamu ianzie kwa aliyetangulia kupanda, na mkubaliane mapema. Kwa aliye mjane asiye na shamba, zamu haimsaidii. Huyo anahitaji fedha yake Januari.

Na sasa lile ulilolificha. Mwanangu, kumpeleka mama yako hospitali kwa fedha ya palizi si wizi, na sitakusaidia kujihukumu. Nakuonyesha tu jinsi siri hiyo imeingia ndani ya hesabu. Mume wako si mtu wa ovyo. Ametazama magunia tisa na 18, akatafuta sababu, na kwa kuwa ile ya kweli haikuwa mezani, akachukua iliyokuwa karibu, yaani uvivu wa vibarua. Kutoka hapo akafika kwenye dawa, mkopo, na kukata fedha. Ukinyamaza, kila mtakaloamua msimu huu litasimama juu ya sababu isiyokuwepo, na dada yake ataendelea kuibeba lawama hiyo mezani kwenu. Ukisema, unaweza kuufufua ule ugomvi wa misaada, na anaweza kuuliza ni mara ngapi nyingine fedha imebadilishwa njia. Hatari zote mbili ni za kweli, na wewe ndiwe unayemjua akiwa amechoka na akiwa ameshiba.

Wapo wanawake ambao wangeanza na daftari: wamketishe, wamwonyeshe ekari moja moja kama tulivyofanya hapa, mpaka yeye mwenyewe aulize kwa nini ekari ile ilichelewa hadi wiki ya tisa. Wengine wangeanza na mama, na hesabu ikafuata. Wapo ambao wangemtanguliza mtu mzima anayeheshimiwa, pengine mama mkwe huyo huyo anayecheka, ambaye huenda akashangaza watu wote kwa kukutetea. Wewe chagua kwa kadiri unavyomjua, ila usichague siku ambayo trekta limeshafika shambani.

Ukipenda niandikie tena baada ya palizi ya kwanza, unieleze ilifanyika wiki ya ngapi, na binti alikuwa wapi siku hiyo. Mlenda uweke mwenyewe mpaka Oktoba.

Mama Mshauri